Shangazi, jaketi okozi wanalikalia, na sasa wanataka kumpeleka mwanangu ziwani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilemela hapa Mwanza. Mume wangu ana duka la vipuri mjini, na tangu nimfahamu starehe yake ni moja tu: kuvua. Si mvuvi wa kuuza samaki. Jumamosi alfajiri yeye, kaka yake mkubwa na rafiki zao wawili watatu wanachukua boti ya faiba ya shemeji, yenye mashine ya nguvu za farasi 15, wanazunguka kwenye mawe na visiwa vya karibu na fimbo zao wakitafuta sangara na sato. Saa tano au sita wamesharudi. Sijawahi kulalamika. Anarudi na kitoweo, anarudi na furaha, na mume ambaye unajua aliko siku ya Jumamosi ni wa kushukuru Mungu.

Shida imeanzia kwa mwanetu wa kwanza. Ana miaka tisa, likizo ya Juni inakuja, na baba yake ameshamwahidi kwamba safari hii atakwenda naye. Mtoto hazungumzi jambo jingine. Ameshapewa rili ya zamani ya baba yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, anaifungua na kuifunga sebuleni kutwa nzima.

Shangazi, wiki chache zilizopita walirudi saa nane mchana, wameloa mpaka kofia. Upepo uliwakuta ghafla, mawimbi yakaingia, wakawa wanachota maji kwa kopo la rangi na kwa kifuniko cha ndoo ya chambo. Simu ya mume wangu ilikufa hapo hapo. Wao walikuwa wanacheka na kusimuliana. Nikauliza kama walikuwa wamevaa majaketi okozi. Kimya. Kisha shemeji akasema, "Yapo." Ni kweli yapo, nimeyaona kwa macho yangu. Ni matatu, na wao huwa wanne au watano. Yamesokomezwa chini ya ubao wa kukalia, moja halina mkanda wa kufungia, jingine wamelikunja wanalikalia kwa sababu ubao ni mgumu. Yote ni ya watu wazima.

Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto haendi mpaka awe na jaketi lake na wote wavae. Akanipa majibu matatu. Kwamba amekulia kisiwani Ukerewe, anajua kuogelea tangu hajaanza shule. Kwamba hawaendi mbali, pale wanapovua unaona mabati ya nyumba za nchi kavu. Na kwamba yale majaketi yana joto, huwezi kurusha ndoano ukiwa umelivaa. Basi nikaenda kwa shemeji, kwa heshima zote. Huyo ndiye aliyenikata maini. Alisema mtu anayeanza safari kwa kuvaa boya ameshajitabiria kuzama, na kwamba nisimletee mkosi kwenye boti yake. Mama mkwe alikuwepo, akanyamaza.

Na kuna jingine. Sikukuu zikifika shemeji hupakia watu kwa malipo, familia na watoto wao, anawazungusha ziwani kwa majaketi hayo hayo matatu. Nikisema kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, pale mwaloni boti zinapotia nanga, nitaonekana nimemchongea kaka wa mume wangu. Nikinyamaza, moyo hautulii.

Nina akiba kidogo ya kikoba. Ninunue majaketi mwenyewe? Nichague yapi? Na nikimzuia mtoto, sitakuwa namvunjia baba yake heshima mbele ya mwanawe?

Mama wa Ilemela

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka. Mzuie. Mtoto wa miaka tisa hapandi boti uliyonieleza, na jambo hilo halihitaji kikao cha ukoo. Heshima ya baba yake itategemea unamwambia lini na wapi. Ukimwambia mwaloni Jumamosi alfajiri, mbele ya kaka yake na rafiki zake, mtoto ameshashika fimbo, hata mwanaume mpole atakaza shingo. Mwambie katikati ya wiki, mkiwa wawili, ameshakula, na mtoto hasikii. Mkishakubaliana, mwache yeye mwenyewe amtangazie mwanawe kwamba safari ipo lakini jaketi lazima lipatikane kwanza. Likitoka kinywani mwa baba, mtoto atalipokea kama sehemu ya uvuvi wenyewe.

Na usimtishe kwa kifo. Mtu aliyekulia Ukerewe amelivuka ziwa tangu yuko mgongoni mwa mama yake, neno "utakufa" halimshtui. Muulize hivi: boti ikipinduka, utamshika mtoto kwa mkono upi, na utaogelea kwa upi? Kisha nyamaza, mwache ajibu. Mtoto anayezama hatulii. Anakukumbatia shingoni, anapanda juu yako kutafuta hewa, na waogeleaji wazuri wamezamishwa hivyo na watu waliokuwa wanawaokoa. Baba aliyevaa jaketi, mwenye mtoto aliyevaa jaketi, ana mikono yote miwili. Kwa hiyo masharti yako ni mawili na hayatenganishwi: mtoto avae, na baba avae.

Sasa tuyaangalie majibu yake, kwa sababu ukienda na "naogopa" utashindwa, ukienda na hoja mtaelewana.

Kuogelea kwake nakuheshimu, na mtoto naye afundishwe mapema. Lakini utotoni aliingia majini kwa hiari yake, na kaptura tu, karibu na nchi kavu, mchana. Kutupwa majini ni jambo jingine kabisa. Umevaa suruali na viatu, pengine kichwa kimegonga ubavu wa boti, miguuni umezungukwa na mishipi na ndoano za watu watano, wimbi linakupiga usoni kila unapofungua mdomo. Dakika za kwanza mtu anakohoa na kuhangaika tu, hata awe bingwa. Halafu inakuja kazi ndefu ya kusubiri. Maji ya ziwa letu si ya barafu, huwa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi, na hiyo inawadanganya wengi kwamba wana muda wote. Mwili una nyuzi 37, na maji hayo yanaunyonya joto polepole, saa baada ya saa, mpaka misuli inagoma. Mwenye jaketi anaweza kutulia, kukunja magoti kifuani na kungoja. Asiye nalo lazima apige maji bila kupumzika.

Kuhusu kuvua karibu, mumeo ni mtu wa Ukerewe, kwa hiyo mkumbushe ajali ya kisiwa cha Ukara kwa upole, maana huenda ana ndugu waliopotea pale. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kikapinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini Ukara. Watu walikuwa wamesimama nchi kavu wakiona. Waliokufa ni 228, kwenye kivuko kilichojengwa kubeba watu 101. Na meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilizama ikiwa imeshakaribia Mwanza, wenyeji wa abiria wakiisubiri bandarini. Makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wao, tunayapita kila siku tukielekea barabara ya Musoma. Vile vilikuwa vyombo vikubwa vya abiria na sababu zake ni nyingine, sitaki kuchanganya mambo. Nakitaja kitu kimoja tu ndani yake: kuona nchi kavu hakumvuti mtu kutoka majini. Mabati anayoyaona mumeo, akiwa amelowa na wimbi liko usoni, hatayaona tena.

Boti ndogo za kuvulia kwa fimbo zina hatari yake ambayo watu hawaisemi. Dhoruba inaogopwa na kila mtu. Ila boti hizi huyumbishwa pia na samaki mwenyewe. Hebu tazama inavyokuwa. Fimbo imepinda, mwenye nayo anasimama. Sangara anaruka, anatikisa kichwa, kila mtu anapiga kelele. Mmoja anachukua wavu wa kuopolea, mwingine anaegemea ashike mshipi, wa tatu anataka kupiga picha. Wote sasa wako upande mmoja, wamesimama, wameinama kwa nje, na ule ubavu umeshuka hadi karibu na maji. Wimbi dogo tu la boti iliyopita linaingia ndani. Maji yakishaingia hayatulii, yanakimbilia upande ule ule ulioinama na kuongeza uzito. Kuanzia hapo hadi boti kuwa kichwa chini, miguu juu, ni kufumba na kufumbua. Na majaketi, mwanangu, yako chini ya ubao, yaani sasa yako chini ya boti. Hakuna anayezama chini ya boti iliyopinduka kuyatafuta, na hata ukilipata, kulivaa jaketi ukiwa majini, na mikanda yake, huku unameza maji, ni kazi inayowashinda hata watu waliofundishwa. Ndiyo maana "yapo" ya shemeji yako si jibu. Jaketi linavaliwa mwaloni, miguu ikiwa bado mchangani, na linavuliwa mwaloni.

Upepo uliowakuta siku ile nao si wa bahati mbaya. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, ndio ule unaoburudisha saa kumi jioni. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto, upepo unateremka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati. Hewa yenye unyevu inasukumwa juu, mawingu yanajengeka gizani, na radi zinapigana huko ndani wakati sisi tumelala. Kwa hiyo saa za alfajiri, zile ambazo akina mumeo wanazipenda kwa sababu samaki anakula, ndizo saa ambazo mabaki ya dhoruba za usiku bado yanatembea. Tena Juni hadi Agosti, na likizo ya mtoto imo humo, kuna upepo wa kusini-mashariki unaoweza kupiga siku nzima na kunyanyua mawimbi ziwani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, na siku hizi unafika kwenye simu na redio. Wausome Ijumaa jioni, na alfajiri waangalie tena wenyewe. Wakiona ukuta mweusi wa wingu upande wowote, au radi inamulika kwa mbali, au upepo umekufa ghafla kisha ukaja wa baridi kutoka upande mwingine, hawasubiri samaki mmoja wa mwisho. Na mtoto asipelekwe siku ambayo baba mwenyewe anasitasita. Akisitasita, wasiondoke siku hiyo.

Joto ni malalamiko ya kweli, nisiyapuuze. Jaketi la povu nene lililotengenezwa kwa abiria wa meli linachosha kweli kurusha nalo. Lakini yapo ya wavuvi na wapiga makasia, yenye matundu makubwa ya mikono na mgongo mfupi, ambayo mtu anarusha nayo siku nzima. Yapo pia membamba yanayojaa gesi, yanakaa shingoni kama mkanda tu mpaka yavutwe au yaguse maji. Hayo ni mazuri kwa mtu mzima makini, ila yana kichupa cha gesi kinachotumika mara moja na lazima kikaguliwe. Yaliyotumika ya mtumba usiyaguse, huwezi kujua kichupa kimebaki na nini. Na ya gesi si ya mtoto kabisa. Mtoto avae la povu, ambalo linaelea bila kuombwa.

Sasa la shemeji, ambalo najua ndilo limekuumiza. Usigombane na imani ya mkosi. Watu wengi wa ziwani wanayo, na ukiidharau utakuwa umemdharau yeye na waliomfundisha ziwa. Ila tazama anachobeba kwenye boti yake. Anabeba kopo la kuchotea maji. Je, amejitabiria maji kuingia? Anabeba kasia ingawa ana mashine. Amejitabiria mashine kuzima? Na sina shaka wanasali kabla ya kusukuma boti, tena wanaomba ulinzi. Wazee wa ziwa walikuwa watu wa tahadhari kuliko watu wote, ndiyo maana wengine walizeeka. Hoja hii usiipeleke wewe. Mume wako amwambie kaka yake, wakiwa wawili, na aipeleke kama ombi la baba kwa ajili ya mtoto: "Kaka, huyu ni mwanao pia, nataka aanze vizuri." Mwanaume anayekataa kuvaa kwa ajili yake mwenyewe mara nyingi hukubali kuvaa ili mtoto wa ndugu yake aige. Na mama mkwe kunyamaza kwake usikuchukulie kama kukupinga. Mtembelee na mjukuu. Mjukuu amwambie bibi kwamba anataka kwenda kuvua. Nakuhakikishia bibi hatanyamaza mara ya pili.

Ila kwa wale abiria wa malipo sina upole huo. Akichukua hela ya mtu na mtoto wake, boti ile imekuwa chombo cha abiria, na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndio wanaokagua na kusajili vyombo vya majini, vidogo pamoja na vikubwa. Vifaa vya kuokolea maisha ni katika vitu wanavyotazama. Majaketi matatu kwa familia nzima ni jambo ambalo halina undugu ndani yake. Anza kwa ndani: mumeo amwambie kaka yake kwamba kabla ya sikukuu ijayo kila kichwa kiwe na jaketi, au asipakie. Mpeni muda unaoeleweka. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa BMU, zungumza naye faragha, mwambie hutaki mtu akamatwe, unataka boti isitoke pale mwaloni ikiwa pungufu. Viongozi wa BMU wanawajua watu wao, wanajua kumwita mtu pembeni. Utaitwa mchongezi? Pengine, kwa mwezi mmoja. Lakini wewe umeshajua, mwanangu. Wale akina mama wanaopanda na watoto wao sikukuu hawajui.

Tuje kwenye ununuzi. Ukifika dukani, kitu cha kwanza ni lebo ya ndani, si rangi. Tafuta namba ya nguvu ya kuinua: 50, 100 au 150. Hizo ni nyutoni, na kila nyutoni kumi ni karibu sawa na kilo moja ya kuinuliwa. Lenye 50 linamsaidia mtu anayejua kuogelea, mwenye fahamu, na msaada uko jirani. Halitamgeuza aliyezimia uso ukae juu. Lenye 100 limeundwa kumgeuza kwenye maji yasiyo na fujo sana, na 150 ni la maji ya wazi. Kwa ziwa letu na kwa mtoto, usishuke chini ya 100. Jaketi lisilo na lebo yoyote liache hata likiwa jipya na linang'aa. Yapo yaliyojazwa povu la kufungia mizigo, ambalo likikaa majini linakunywa.

Kitu cha pili ni uzito wa mwili, nao umeandikwa kwenye lebo hiyo hiyo. Mpime mwanao kabla hujaenda. Usimnunulie kubwa "atakua nalo" kama sare ya shule. Jaketi kubwa likigusa maji linapanda juu, mtoto anateleza chini, kichwa kinazama ndani ya jaketi lenyewe. Mvalishe pale pale dukani, funga kila mkanda, ukiwemo ule unaopita katikati ya miguu, maana kwa mtoto huo ndio unaozuia lisichomoke. Kisha mwambie anyooshe mikono juu, wewe shika mabega ya jaketi uyavute kwenda juu kwa nguvu. Likifika masikioni au kidevu kikapotea ndani, si lake. Likibaki kifuani, ni lake. Angalia pia filimbi, vipande vinavyoakisi mwanga, na kola ya kushikilia kichwa. Rangi iwe ya chungwa au njano kali. Bluu nzuri ya dukani inapotea kabisa juu ya maji.

Mkishanunua, mtoto alijaribu kwenye maji kabla ya safari. Mpeleke kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, si ufukweni kwenye majani. Pale kwenye majani na konokono kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba, sitaki umkinge na moja umtie kwenye jingine. Ndani ya bwawa ainue miguu, alale kinyumenyume, aone jinsi linavyombeba. Mdomo uwe juu ya maji bila yeye kufanya kazi. Acheke, azoee, apige filimbi mpaka wenye hoteli wakasirike. Mtoto aliyewahi kubebwa na jaketi lake hataogopa siku akibebwa kwa lazima.

Mfundisheni na jambo moja la kukumbuka kuliko yote: boti ikipinduka, hatuiachi. Kuna kishawishi kikubwa cha kuogelea kufuata yale mabati. Umbali juu ya maji unadanganya, na kichwa cha mtu mmoja kwenye mawimbi hakionekani na boti zinazopita, lakini tumbo la boti iliyopinduka linaonekana. Washike boti, waitane majina, wamweke mtoto katikati yao au juu ya tumbo la boti kama inawezekana. Ila boti ya faiba si mti kama mtumbwi, ikijaa maji yenye mashine nzito nyuma inaweza kuzama kabisa. Kwa hiyo muulize shemeji kama ina povu la kuelea ndani yake. Kama haina, madumu mawili matatu ya lita 20, matupu, yaliyofungwa vizuri na kukazwa kwa kamba chini ya mbao, yatasaidia isipotee. Madumu hayo ni ya boti, na watu bado wanavaa majaketi.

Mashine nayo ina kamba fupi ya kuizima, ile nyekundu inayofungwa kwenye mkono au mguu wa nahodha. Wengi wameining'iniza tu. Nahodha akirushwa nje bila kamba ile, boti inazunguka na kumrudia, na pangaboi halimjui mtu.

Wakiondoka wakuachie neno: wanakwenda upande gani, wangapi, watarudi saa ngapi. Simu zikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Wewe baki na namba za BMU na za wenye boti wawili watatu wa pale pale mwaloni, na ukiona saa imepita usione aibu kupiga. Zimamoto na Uokoaji ni 114, nao uwapigie, ila anza na walio karibu. Ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hukutaja pombe, nami sitabuni, ila kama kuna chupa zinazobebwa kwenye ile ndoo, zibaki nchi kavu hadi watakaporudi.

Na akiba yako ya kikoba: nunua la mtoto, tena lianze hilo kabla ya kitu kingine chochote. La mume wako usimnunulie. Nenda naye, mpe nafasi achague mwenyewe kama anavyochagua fimbo na rili, alalamikie bei, alijaribu, azungushe mikono kama anarusha ndoano aone kama linambana. Jaketi alilochaguliwa na mkewe ataliacha nyumbani Jumamosi ya tatu. Alilochagua mwenyewe atalivaa, na kaka yake atamuuliza amelipata wapi. Shemeji na wenzake wajinunulie, wana hela za chambo na petroli kila wiki. Juni ikifika na mambo haya hayajakamilika, mpelekeni mtoto akavulie kwenye mawe ya ufukweni, jaketi likiwa mwilini na baba yake amekaa hatua moja kutoka kwake. Sato wanapatikana pale pale kwenye mawe.